Mgongo wa Mvinje

Chwaka, 7 Desemba 2023

Ndugu yangu Amne,

Assalamu alaykum. Salamu hizi zikukute mzima hapo Mpendae, wewe na mwanao Nassra na mumewe, na wale wajukuu ambao nasikia hawakai kitako. Sisi huku hatujambo. Nimeandika "sisi" kwa mazoea tu. Tangu mke wangu Mashavu atangulie mbele ya haki, na huu ni mwaka wa tatu, nyumba hii nimo mimi, na paka wa jirani yetu Bi Mize ambaye huja saa ya samaki.

Usinicheke kwa kuandika barua zama hizi. Mwanangu Faiza hunipigia simu kila Ijumaa kutoka Maskati. Namwona kwenye kioo midomo inakwenda, nami natikisa kichwa. Masikio yamekwisha. Karatasi ndiyo inayozungumza nami sawasawa. Sabri wa gari la samaki amekubali kuwa tarishi wetu. Ataacha barua zangu dukani kwa Nassra pale Darajani, na zako ataniletea huku.

Bila shaka umesikia kwamba kaka yako anaokota kuni. Bi Mize ananitania mbele za watu: "Mwalimu kila siku anabeba kuni, na moshi hatujauona." Nikueleze, maana jambo lililoelezwa halichekeshi tena. Maji ya bahari yakitoka hapa kwetu huacha vipande vya miti: mizizi ya mikoko, vigogo vya mivinje, mbao za vyombo vilivyokwisha. Mti uliokaa baharini si kama uliokatwa shamba. Maji yanakula pale palipo laini na kuacha pagumu, wadudu wanatoboa, mchanga unapiga msasa. Kinachofika pwani ni kile ambacho bahari imejaribu kukila ikashindwa. Mwanzo nilikuwa nikivitazama tu. Siku moja niliweka kipande juu ya chenzake, nikaona korongo amesimama. Hana jicho wala mdomo, lakini watoto wa chuo cha Kurani walimtaja jina lake bila kuuliza.

Nimejiwekea sharti moja: sichongi. Siongezi umbo wala sipunguzi. Naunganisha tu.

Sasa nina kazi kubwa uani. Sisemi ni nini. Njoo mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, ukae japo wiki. Chumba cha mama nimekipaka chokaa.

Kaka yako,
Mcha


Mpendae, 29 Desemba 2023

Kaka Mcha,

Shikamoo. Barua imefika, na harufu yake ilitangulia. Nassra kaingia nayo mlangoni anasema, "Mama, mjomba kakuletea samaki changu." Nimeianika kwenye kamba mchana kutwa ndipo nikaisoma.

Hatujambo. Sukari yangu inapanda na kushuka kama kawaida yake, na goti la kulia halitaki ngazi. Mjukuu mdogo kaota meno mawili na anayatumia kwenye mkono wangu.

Hayo ya kuni nimeyasoma mara mbili. Wewe ukieleza kitu mtu hujiona kakaa dawatini. Mwalimu mkuu mstaafu, ndevu nyeupe pe, anacheza na vijiti! Mashavu angekuwapo angevipikia vyote siku moja. Lakini nimefurahi kuwa una shughuli. Mtu akikaa bure huanza kuhesabu maradhi.

Nitakuja Shaabani, inshallah. Siku sikwambii. Nikikwambia utaanza kufagia, na ufagiaji wako naujua, unapeleka taka chumba cha pili.

Mwandiko uvumilie. Aliyeishia darasa la sita asisahihishwe kwa wino mwekundu.

Wako,
Amne


Chwaka, 14 Januari 2024

Ndugu yangu Amne,

Marahaba, na nimecheka peke yangu hata paka akakimbia. Bi Mize mzima, anakusalimu, anasema umemsahau. Msikiti umepata zulia jipya. Adhana siisikii tena. Nakaa barazani natazama watu wakipita na kanzu, ndipo najua wakati umeingia.

Umesema nacheza na vijiti. Basi kaa dawatini kidogo.

Kipande kikifika nyumbani hukianiki juani, kitapasuka. Nakilaza kwenye pipa la maji ya mvua wiki tatu, na maji nayabadilisha mpaka nikionja sioni chumvi. Chumvi ikibaki ndani, mti huo utatoka jasho kila msimu wa mvua na kuoza pale ulipoungwa. Kisha naulaza kivulini, chini ya makuti, miezi miwili. Nausugua kwa kumbi la nazi. Baada ya hapo kazi inayobaki ni kungoja, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Nina vipande mia na zaidi vimeegemea ukuta. Kila asubuhi naviangalia. Kipande kinaweza kukaa mwaka hakina maana, halafu siku moja unaokota kingine pwani, unakimbia nacho nyumbani kama mtoto, kwa sababu umejua hiki kinakwenda pale. Natoboa kwa keekee, napigilia vijiti vya mkandaa. Msumari wa chuma sitii, unalia kutu.

Mwezi wa Oktoba nililetewa na maji kigogo cha mvinje. Kimepinda. Nilipokigeuza mchangani nilikaa chini palepale, mpaka maji yakaanza kurudi na kunifika miguuni. Tangu siku ile nalala vizuri zaidi, na asubuhi nina mtu wa kumwambia nimeamka.

Nakungoja Shaabani.

Mcha


Chwaka, 2 Machi 2024

Ndugu yangu Amne,

Natumai u mzima, na sukari imetulia, na meno ya mjukuu yameongezeka. Mimi sijambo.

Ijumaa ya tarehe 23 niliporudi kutoka msikitini nilikuta kikapu juu ya mkeka, ndani yake mkate wa kumimina, bado una joto. Nikadhani ni wa Bi Mize. Nikaenda kumshukuru. Akanikaribia sikioni, akapiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya ghuba:

"Si wangu! Dada yako kaja, keshaondoka!"

"Dada yangu yupi?"

"Una madada wangapi, Mwalimu? Amne! Kaingia uani, hajakaa hata dakika tano, katoka kashika ukuta. Namwita, 'Bi Amne, chai!' Hajageuka. Nikadhani kapatwa na jua."

Amne, safari yote ile na goti lile, halafu dakika tano? Nilikuwa msikitini tu, hatua mia mbili. Kama uliugua, niambie. Kama nimekosa, niambie pia. Mkate nimeula peke yangu siku tatu.

Mcha


Mpendae, 20 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Ramadhani karim. Wote hapa wamefunga isipokuwa mimi, daktari kanikataza.

Sikuugua. Nilikuja nikaona ulichokiweka uani.

Yule ni mama. Hukumtia kichwa wala uso, ndiyo, na nadhani umejiambia hapo umepona. Lakini mgongo ni wake. Alivyoinama na alivyopanua miguu, na mkono ulivyokwenda juu na rungu la kupigia makumbi. Hapana mtu wa Chwaka wa umri wetu atakayepita hapo asimjue. Mama yetu kafa, kaka, kakoshwa, kavishwa sanda, kasitiriwa. Wewe umemtoa ukamweka uani apigwe na umande.

Habari ya masanamu na dini yetu huna haja ya kuelezwa na mimi. Wewe ndiye uliyesomeshwa.

Mfumue. Siku nikisikia umemfumua nitakuja, wiki mbili ukitaka, hata mwezi. Kabla ya hapo sitii mguu.

Amne


Chwaka, 28 Aprili 2024

Ndugu yangu Amne,

Sikukuu imepita, na nilitumai utakuja kula nami. Nilipika pilau kwa kukisia. Masika ya mwaka huu ni makubwa, njia ya pwani imegeuka mfereji. Mwandiko huu usikushangaze. Ni kalamu, inaruka.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Nikujibu kwa utaratibu.

Nilikwenda kwa imamu nikamleta akatazame. Alimzunguka mara mbili, mikono nyuma. Akaniandikia kwenye ubao wangu, maana naye kachoka kupiga kelele: wanavyuoni wamekhitalifiana, na kisicho na kichwa wengi wanakihesabu sawa na mti. Akaongeza chini: "Lakini usimweke njiani." Nimemweka nyuma ya ukuta, na umande haumpati, nimemjengea banda. Kwa hiyo ikiwa ni dini, tumeshauliza. Ikiwa ni heshima, mimi sikumtukana. Nilimtengeneza nilivyomwona, na nilivyomwona ndivyo alivyonilea. Kila nikija likizo kutoka chuo cha ualimu, nikikata kona pale kwenye jabali, nilikuwa namwona ameinama mwenyewe kwenye matope, anapiga makumbi apate usumba wa kusokota kamba, peke yake na bahari imekwenda mbali. Miaka hamsini nimetembea na picha ile. Bahari imenirudishia mgongo wake, ndugu yangu, bila mimi kuugusa kwa patasi. Ningefanyaje?

Lakini umenipa mambo mawili nichague, na nataka ujue kwamba nimejaribu. Wiki iliyopita nilichukua nyundo nikagonga kijiti kimoja cha begani. Kilitoka kwa urahisi. Mkono ukashuka. Nikakaa nao mapajani mpaka magharibi, kisha nikaurudisha.

Sijui utaniona mtu gani. Huyu ndiye ninayemwambia sabalkheri. Nikimfumua nawe usipokuja, nitamwambia nani?

Mcha


Mpendae, 9 Juni 2024

Kaka Mcha,

Shikamoo. Sisi wazima.

Sabri kaniambia ulianguka kwenye jabali mwezi wa nne ukavunja kifundo cha mkono wa kulia, na uliandika barua ile kwa kushoto. Wewe ukasema kalamu inaruka. Miaka sitini na tisa na bado unadanganya kama mtoto aliyepasua kikombe. Nani alikupikia? Nani alikufunga kikoi? Usijibu, najua, hapana mtu.

Kwa kuwa umenidanganya wewe, na mimi niliyekudanganya nitoe yangu.

Si dini. Nilijisitiri kwa dini.

Siku ile niliingia uani kutoka mwangani, macho bado hayajazoea kivuli. Nikamwona kainama. Mdomo ukatangulia: "Shikamoo, mama." Nikasubiri aitikie, kaka. Mimi mwanamke wa miaka sitini na nne, nimesimama na kikapu, nasubiri marahaba ya mti. Ndipo nikashika ukuta.

Hilo ningelikusamehe siku ileile. Ningekungoja, tungelia, tungekula mkate. Lakini niliangalia kulia kwake, nikaangalia kushoto, nikazunguka nyuma. Yuko peke yake.

Miaka tisa, kaka. Nilitolewa darasa la sita, unajua, ila hujawahi kuniuliza nilipelekwa wapi. Nilipelekwa pale matopeni, kwa mama. Maji yakitoka tulikwenda wawili, tukirudi tulirudi wawili. Makumbi yale yalikuwa yakifukiwa matopeni miezi, na yakifukuliwa yananuka hata wanaume wanakaa mbali. Harufu ile niliolewa nayo. Viatu vyako vya chuo vilitoka kwenye kamba tulizosokota mimi na yeye.

Unasema ulimwona peke yake kila likizo. Kweli, hukusema uongo. Basi ujue kwa nini. Habari ikifika kwamba unakuja, mama alikuwa akinitoa pwani siku ileile. "Amne, nenda jikoni. Kaka yako anakuja, kachoka na masomo, akute chakula." Nikanawa, nikapanda nyumbani, nikakupikia. Wewe ukikata kona pale jabalini unamwona mama peke yake, unamwonea huruma, unakuja nyumbani unakula wali wangu na macho yana machozi. Nikadhani umepata moshi.

Sikumchukia mama. Na wewe sikukuchukia. Ila nilipomwona amesimama vile uani kwako nikajua kwamba wewe, kaka yangu, unayeeleza kila kitu, hili hujalijua miaka hamsini.

Usimfumue. Wala sikuambii kwamba nitakuja. Sijui.

Amne


Chwaka, 23 Juni 2024

Amne,

Sikukuu njema, ingawa imeshapita. Mkono umefunguliwa, vidole viwili bado vizito. Bi Mize alinipikia wiki sita, na mimi sikukwambia kwa sababu nilitaka uje kwa kupenda, si kwa kuja kuuguza.

Barua yako ilichelewa. Gari la Sabri lilikuwa gereji. Nimekuwa nayo siku nne. Nimeanza majibu matatu nikayachana. Kila moja lilikuwa linaeleza: jinsi kijana wa miaka ishirini anavyotazama, jinsi nyumba zetu zilivyokuwa zikipanga kazi zama zile. Yote kweli, na hayana kazi.

Nimefundisha miaka thelathini na sita. Nilikuwa nikipita nyumba kwa nyumba kuwaambia wazazi wasiwatoe watoto wa kike shuleni. Nilikuwa nikisema maneno makali barazani. Na sikumbuki hata siku moja kujiuliza kwa nini dada yangu alikuwa jikoni saa nne asubuhi.

Jana nilichukua kiti nikakaa mbele ya mama. Nikajaribu kukuweka. Nikafumba macho, nikarudi kwenye ile kona ya jabali, nikatazama upande wake wa kulia, nikatazama wa kushoto. Naiona bahari ilipoishia. Namwona yeye, naona hata kanga yake ilivyofungwa kiunoni. Wewe sikuoni. Nimekaa mpaka mgongo ukauma, Amne, na sikuoni popote. Ninavyo vipande ukutani, na kimojawapo huenda kikafaa, mzizi mwembamba wa mkoko, umenyooka kama wewe ulivyokuwa. Lakini siwezi kuunga kitu ambacho sikukiona, na sitaki kukukisia kama nilivyokisia ile pilau ya Sikukuu.

Sikuombi msamaha kwa barua, msamaha ni mkubwa mno kusafiri na samaki. Nakuomba jambo moja tu. Niambie ulikuwa ukisimama upande gani wake.

Kaka yako asiyejua,
Mcha


Mpendae, 30 Juni 2024

Kaka Mcha,

Shikamoo. Nassra hajambo, watoto hawajambo, sukari imeshuka.

Sikuwa kulia wala kushoto. Nilikuwa shimoni. Maji ya kiuno, nafukua makumbi nayatupa juu, yeye anayapokea anapiga. Mtu wa barabarani angeona kichwa changu tu kikipanda na kuzama, na siku nyingine hata hicho hapana. Kwa hiyo usijitese na jabali lako. Hata ungekuja si likizo, pengine usingeniona.

Na rungu umemshikisha mkono wa kulia. Mama alikuwa wa kushoto. Nilijua tangu siku ile nilipoingia, nikaona haya kukwambia na hasira zangu.

Mzizi wako wa mkoko uache ukutani. Nakuja mwenyewe Jumamosi, Nassra atanileta. Sijui kama nitaweza kusimama mbele ya mama kwa muda mrefu, na sijui tutaongea nini, wewe husikii na mimi nimezoea kunyamaza. Lakini ninakuja. Shimo nitakuonyesha lilipokuwa. Huwezi kunitengeneza mimi niliye hai.

Amne